Maganda Hamsini

Hapa Missoula, Montana, nimepanga chini ya nyumba, pale wao huita besimenti. Ukuta mmoja wa mbao unanitenganisha na karakana ya mwenye nyumba, mzee wa miaka 78 aliyefiwa na mke. Kwenye hiyo karakana kuna meza, na juu ya meza kuna mashine ya chuma ya rangi ya kijani, ina mkono mrefu kama wa pampu ya kisima. Miezi mitatu ya kwanza nilidhani ni ya kukamua matunda. Siku nilipomuuliza, alinijibu bila kuinua kichwa, kama mtu anayeulizwa kuhusu blenda: ni ya kutengenezea risasi.

Nilirudi chumbani nikafunga mlango. Kisha nikampigia Baba.

Muelewe kwanza natoka wapi. Nimezaliwa Baringo, upande wa kusini, na Baba alikuwa polisi wa akiba, wale tuliowaita KPR. Hakuwa na mshahara. Alikuwa na bunduki aina ya G3 na risasi za kuhesabiwa. Kila jioni alizimwaga juu ya kitambaa mezani, akazihesabu, akazirudisha, na sisi watoto tulijua wakati huo hakuna kucheka wala kuomba chumvi. Risasi moja ikipotea, mtu anaandika maelezo. Ikitumika, anaandika maelezo mengine. Mwaka wa 2019 serikali ilipoagiza bunduki za polisi wa akiba zirudishwe, Baba alipeleka yake na risasi zote, akarudi nyumbani kwa miguu. Mpaka leo jioni akikaa mezani, vidole vyake hupanga vitu: njugu, vifuniko vya soda, dawa zake za presha.

Kwa hivyo unaweza kuelewa sauti yake kwenye simu.

“Mama,” akaniambia. Huniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. “Unasema huyo mzee anatengeneza risasi kwa nyumba?”

“Ndio, Baba.”

“Na polisi wanajua?”

“Si makosa huku.”

Kimya. Kisha: “Anazihesabu?”

Kabla sijagusa chochote nilisoma sheria, maana mimi niko huku kwa grini kadi niliyoipata kwa bahati nasibu, na sitaki mchezo na karatasi zangu. Sheria ya Marekani inamruhusu mtu kujitengenezea risasi za matumizi yake bila leseni yoyote. Leseni inahitajika akitaka kuziuza. Mwenye grini kadi anaweza kumiliki silaha. Aliyekuja kwa viza ya masomo au ya utalii hawezi kushika bunduki wala hata risasi moja, isipokuwa kwa sababu chache, mojawapo ikiwa ni kuwa na leseni ya uwindaji. Nyumbani, Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, haijali uko na bunduki au risasi peke yake: bila cheti, una kesi. Na uwindaji wenyewe tuliupiga marufuku mwaka wa 1977. Mimi nimekua nikiona swara kila siku na sijawahi kuonja nyama yake. Mzee wangu hula elki, yule kulungu wao mkubwa kama ng'ombe, mwaka mzima. Mmoja tu anajaza friza. Hapa msimu wa bunduki huchukua wiki tano, kuanzia mwishoni mwa Oktoba, na ukitaka kujua watu wa Montana wanaamini nini, tembelea kanisa lolote Jumapili ya kwanza ya msimu uhesabu viti vitupu.

Nilianza kukaa kwenye kiti cha karakana baada ya shifti. Mimi ni nesi, nafanya kazi usiku, na asubuhi mwili unakataa kulala. Yeye naye huamka saa kumi na moja. Ndio nikajifunza.

Risasi nzima ina vitu vinne. Kuna ganda la shaba nyeupe, yaani shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30. Kuna fataki, si zile za Diwali, bali kifuniko kidogo kama kidonge kinachokaa kwenye kitako cha ganda na kulipuka kikigongwa. Kuna baruti. Na kuna kichwa, kile kinachoruka. Ukifyatua, fataki na baruti zimeisha, kichwa kimeenda na safari yake, lakini ganda linabaki mkononi mwako likiwa zima. Na ganda ndilo ghali kuliko vyote. Hapo ndipo nilipopata picha: ganda ni chupa ya soda. Si unakumbuka zile za glasi, unarudisha dukani na kreti, zinaoshwa, zinajazwa, zinakuja tena? Kiwanda ni meza ya mzee huyu, na chupa ni zake mwenyewe. Nyingine amezijaza mara nane.

Nilipomwambia hivyo alicheka mpaka akavua miwani. Huku chupa za soda zilikuwa zikirudishwa pia, akasema, zamani.

Sasa kazi yenyewe. Watu hudhani ni ya hatari kama kuchezea bomu. Si hivyo, lakini pia si kushona vifungo. Kwanza ganda linakaguliwa. Likiwa na ufa shingoni, au mstari unaong'aa kuzunguka karibu na kitako, linatupwa bila huruma, kwa sababu hapo litakatika likiwa ndani ya bunduki, sentimita chache kutoka usoni mwako. Yaliyopita yanazungushwa kwenye pipa dogo la umeme pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Ndio, magunzi! Sisi tuliwasha nayo moto. Wao wanauziwa kwa mfuko. Baadaye ganda linapakwa mafuta kidogo na kusukumwa ndani ya kalibu kwa ule mkono wa mashine. Ganda likifyatuliwa hutanuka. Kalibu inalirudisha kwenye umbo lake, na pini iliyo katikati inasukuma fataki iliyokufa nje. Linapimwa urefu, maana shaba hunyooka kila mara, na likizidi linakatwa. Fataki mpya inaingizwa. Halafu baruti, halafu kichwa.

Baruti ndiyo moyo wa hadithi. Inapimwa kwa greni, kipimo cha zamani kilichotokana na punje ya nafaka. Ratili moja ina greni 7,000. Gramu moja ina greni 15 na kitu. Kila aina ya kichwa na kila aina ya baruti ina kiasi chake, na kiasi hicho hakitoki kichwani mwako wala kwa rafiki. Kinatoka kwenye kitabu, kilichochapishwa na watu waliopima shinikizo kwenye maabara. Kitabu kinakupa pa kuanzia na pa kukomea, na unaanza chini, unapanda kidogo kidogo ukiangalia dalili. Namba sitaandika hapa. Mzee amefanya kazi hii tangu akiwa na miaka 20, na bado kila mara hufungua ukurasa ule ule na kuweka kidole kwenye mstari. Nilimuuliza kwa nini, na hakika anaijua kwa moyo.

“Nikianza kuijua kwa moyo,” alisema, “nitakufa.”

Sheria zake nyingine: kopo moja tu la baruti mezani kwa wakati mmoja, kazi ikiisha linarudi kabatini na jina lake, na baruti isiyo na jina inatupwa hata kama ni ya pesa nyingi. Hakuna sigara, hakuna redio, hakuna simu. Hakuna kula. Miwani usoni. Akimaliza, ananawa kwa sabuni na maji baridi hadi kwenye viwiko.

Mimi hapo nilijisikia niko kazini. Kwenye wodi yangu kuna dawa ambazo nesi mmoja haruhusiwi kuzitoa peke yake. Insulini ni mojawapo. Mimi navuta kwenye sindano, mwenzangu anakuja, anasoma agizo mwenyewe bila kuambiwa namba, anaangalia sindano, ndipo tunasaini wote wawili. Hakuna anayechukulia ni matusi. Si kwamba sijui kusoma. Ni kwamba saa tisa usiku jicho huona kile linachotarajia kuona.

Mzee naye ana njia yake ya kuangalia mara mbili, ila yuko peke yake. Ana kibao cha mbao chenye matundu 50. Anayajaza maganda yote baruti, kisha anawasha tochi na kumulika moja baada ya jingine, akilinganisha kina. Kwenye bunduki yake, ile ya kalibu ya .30-06 ambayo jeshi la Marekani lililianzisha mwaka wa 1906, ukimimina mara mbili baruti inafurika, kwa hivyo utajua. Hatari ya kumimina mara mbili iko zaidi kwenye risasi za bastola, ambazo baruti yake ni kidogo na ganda lina nafasi. Kwenye .30-06 hatari iko upande wa pili: ganda lisilo na baruti kabisa. Fataki peke yake ina nguvu ya kusukuma kichwa hadi ndani ya mtutu, kikakwama pale. Unasikia mlio mdogo wa ajabu. Ukidhani ni bahati mbaya tu, ukaingiza nyingine na kufyatua, mtutu unapasuka.

Mwezi wa Septemba Mzee aliniomba kodi mara mbili. Nilimwonyesha ujumbe wa benki kwenye simu. Akasema pole, akacheka, lakini masikio yake yalikuwa mekundu. Wiki iliyofuata aliniuliza kama nina ndugu. Nina ndugu wanne, na alikuwa anawajua kwa majina. Alikuwa anamuuliza mdogo wangu habari za mitihani. Jiko la umeme nikalikuta linawaka mara mbili. Kila kimoja peke yake unakiacha kipite, mtu ni mzee. Lakini mimi hulipwa kuviandika vitu kama hivi vikiwa pamoja.

Binti yake anaishi Seattle, anapiga simu kila Jumapili. Aliwahi kuniomba, kwa sauti ya chini, “umtazame tazame baba.” Sijui kama alijua anaomba nini. Nyumbani jirani anamtazama mzee wa watu bila kuombwa, na akiona kitu anakisema mbele ya wote kwenye matanga ya mtu mwingine, aki sisi! Huku kuna mipaka. Mimi ni mpangaji. Mimi si nesi wake. Ningesema nini: mzee, nadhani akili inakutoka, naomba unipe funguo za kabati la baruti?

Asubuhi moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta ameketi mbele ya maganda 50, yote yameshafungwa vichwa, yanang'aa kwenye kibao chake kama mishumaa. Kazi safi. Lakini hakuwa na ile raha ya mtu aliyemaliza.

“Binti yangu alipiga simu,” akasema. “Katikati.”

“Ukapokea?”

“Nikapokea.”

Nikangoja.

“Ulimulika?” nikamuuliza.

Alitazama tochi. Ilikuwa imening'inia kwenye msumari wake, ukutani. Alifungua mdomo kama mtu wa kusema ndio, maana kwa miaka 58 jibu lilikuwa ndio.

“Sikumbuki,” akasema.

Ilimgharimu. Mimi nimekaa na wagonjwa wengi wanaoulizwa leo ni siku gani, na karibu wote hujibu kitu, hata cha uongo, kwa sababu “sikumbuki” ni mlango ambao ukishaufungua haufungiki tena. Yeye aliufungua mwenyewe, mbele ya mpangaji aliyevaa skrabu za kazi na kandambili.

Nikavuta kiti. Nikamwambia, kazini kwangu tungefanya hivi: mimi napima, wewe unaandika, halafu tunabadilishana. Hakubisha. Tulianza na kuhakikisha mizani kwa vipande vyake vya uzito, kama tunavyofanya na mizani ya watoto wachanga, kisha risasi moja baada ya nyingine. Maganda hayalingani uzito, kwa hivyo mizani haiwezi kukuambia kama baruti imepungua kidogo. Lakini haiwezi kukosa baruti yote. Namba zilikuwa zinacheza karibu karibu, hapa juu kidogo, pale chini kidogo. Ya 23 ikaja pungufu kwa gramu 3 na nusu hivi.

Tukaitoa, tukaipima tena. Alipima yeye. Hatukuambiana kitu.

Kuna nyundo ya plastiki yenye tundu kichwani. Unaweka risasi ndani, unagonga sakafu, na kichwa kinachomoka chenyewe. Aligonga mara tatu. Kikatoka. Aligeuza ganda juu ya kiganja chake, akalitikisa. Hakikutoka hata chembe.

Ningeweza kuwaambia kwamba nilitetemeka. Kusema kweli nilichofikiria ni kwamba iliyobaki 49 iko sawa, tumemaliza, nikalale. Yeye ndiye aliyekataa. Alisema kama hajui alichofanya kwenye ile moja, hajui alichofanya kwenye nyingine, na mizani imeshasema kiasi inachoweza kusema. Zote zinafunguliwa. Ilituchukua jioni mbili. Mimi nagonga, yeye anarudisha baruti kwenye kopo lake lile lile, na kila tukimaliza kumi anazipanga na kuzihesabu kwa sauti.

Nilijikuta nasoma vitako vya maganda. Kila ganda limepigwa muhuri: jina la kiwanda na kalibu. Nikamwambia Mzee kwamba nasi tuna kiwanda, kiko Eldoret, kilianzishwa miaka ya 1990, na kwamba mwaka wa 2008 watafiti wa Small Arms Survey walichapisha ripoti kutoka Turkana Kaskazini. Walifanya tu hivi ninavyofanya, walisoma vitako vya maganda, wakahitimisha kwamba karibu nusu ya risasi zilizozunguka kule kinyume cha sheria zilitoka upande wa polisi wenyewe. Alisikiliza, halafu akaniuliza swali la fundi: walijuaje kama hayakuwa yamejazwa tena? Kwa sababu muhuri unakuambia ganda lilizaliwa wapi tu, haukuambii limepitia mikono ya nani. Nikamwambia kule kwetu hakuna wa kujaza tena. Ganda likidondoka kule linabaki mchangani, mpaka mtoto aliokote atengeneze filimbi.

“Wewe ulikuwa nayo?” akauliza.

“Baba angeniua.”

Jioni ya pili ndipo nilipomwambia kuhusu daktari. Niliingilia kwa mlango wa risasi yenyewe, na hapa Kiswahili kina bahati mbaya yake, kwa sababu kwetu neno ni moja: risasi ni ile inayoua kwa bunduki, na risasi ni madini yale mazito yaliyokuwa kwenye petroli na rangi za zamani. Fataki nyingi zina mchanganyiko wa risasi. Na Mzee, kwa miaka mingi, alikuwa akiyeyusha vizito vya magurudumu ya magari kwenye karakana hii hii isiyo na dirisha, akitengeneza vichwa vya bastola. Risasi ikikaa mwilini mwa mtu mzima inaweza kuharibu kumbukumbu. Inapimwa kwa damu. Nilimwambia labda ni hiyo, labda siyo, labda ni umri, labda ni kitu kingine chenye jina, lakini kuna kipimo na hakiumi. Sikumwambia ni hiyo. Sidhani kama ni hiyo peke yake. Ila nilitaka aingie kwa daktari akiwa na swali la mtu wa karakana, asiingie kama mshtakiwa.

Aliendelea kupanga maganda. Kisha akauliza kama nitaenda naye.

Nilimpigia Baba usiku ule, asubuhi yake. Nilimweleza yote, ile ya 23, nyundo, jioni mbili. Nilitegemea aseme wazungu wana wazimu. Aliuliza tu zilikuwa ngapi mwishoni.

“Hamsini, Baba. Maganda hamsini, vichwa hamsini.”

“Haya,” akasema, na nikasikia kiti chake kikivutwa.

Binti anajua sasa. Mzee alimwambia mwenyewe, Jumapili, mimi nikiwa jikoni natengeneza chai ili nisisikie, na nilisikia. Wamekubaliana mambo kadhaa. Mjukuu atakuja kuwinda naye mwaka huu, na watatumia risasi za kununua dukani, jambo ambalo Mzee analizungumzia kama mtu aliyeambiwa ale ugali wa hoteli. Funguo ya kabati la baruti iko kwangu, kwenye kopo la majani ya chai ya Kericho. Asubuhi akitaka kufanya kazi anabisha ukutani mara mbili. Tunakagua maganda, tunayasafisha, tunayanyoosha, tunayapima urefu. Baruti hatujamimina.

Miadi ya daktari ni Jumanne, saa nne. Msimu unafunguliwa Jumamosi inayofuata. Ameziandika zote mbili kwenye kalenda ya karakana kwa kalamu nyekundu, na chini ya Jumanne ameongeza jina langu, herufi zote sawasawa.